Salahuddin Al-Ayyubi na uzito wa ahadi vitani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Wapenzi wasomaji, jina la Salahuddin Al-Ayyubi si geni katika nyumba zetu. Watoto wengi wamepewa jina hilo, na kila inapotajwa Baytul Maqdis, yeye naye hutajwa. Wengi tunamjua kama mtu wa upanga, aliyeshinda vita vya Hittin mwaka 1187 na kuurejesha Msikiti wa Al-Aqsa kwa Waislamu baada ya miaka 88. Lakini upanga peke yake hautoshi kueleza mafanikio yake. Majeshi aliyoyaongoza hayakuwa ya kabila moja wala ya mji mmoja. Walikuwamo Wakurdi, Waturuki na Waarabu, na watawala wadogo wadogo ambao kila mmoja alikuwa na askari wake, ardhi yake na hofu zake. Watu wa namna hiyo hawakusanywi kwa amri. Hukusanyika wanapoamini kuwa yule anayewaita atawatimizia alichowaahidi.

Qur'an Tukufu imeliweka wazi jambo hili. Mwanzoni mwa Suratul Maida waumini wanaamrishwa kutekeleza mikataba yao. Mwishoni mwa Suratul Anfal wanatakiwa wawasaidie ndugu zao wa dini wanapoomba msaada, isipokuwa dhidi ya watu ambao wana mkataba nao. Kwa hiyo hata mkataba na asiyekuwa Muislamu una haki yake. Leo tutayatazama maisha ya Salahuddin kwa upande huu: jinsi sifa ya kutimiza au kuvunja ahadi ilivyowapa watawala wa zama zake washirika, na jinsi ilivyowanyima.

Mtoto aliyekulia katika fadhila iliyolipwa

Jina alilopewa na wazazi wake ni Yusuf bin Ayyub. Salahuddin ni lakabu, yenye maana ya wema wa dini. Alizaliwa mwaka 532 Hijria, sawa na 1137 au 1138 Miladia, katika ngome ya Tikrit, nchini Iraq ya leo. Wazee wake walikuwa Wakurdi, na baba yake, Najmuddin Ayyub, ndiye aliyekuwa msimamizi wa ngome hiyo.

Miaka michache kabla ya kuzaliwa kwake, mwaka 1132, Imaduddin Zangi, mtawala wa Mosul, alishindwa vitani na kurudi nyuma hadi kwenye mto Tigris karibu na Tikrit. Ayyub angeweza kumkamata. Badala yake alimvusha mto, yeye na watu wake, akamwacha aende salama. Zangi hakulisahau jambo hilo. Ndugu yake Ayyub, Asaduddin Shirkuh, alipomuua mtu na ukoo mzima ukatakiwa kuondoka Tikrit, walikwenda Mosul, na Zangi akawapokea kwa heshima. Baadaye akamkabidhi Ayyub mji wa Baalbek. Kwa hiyo mtoto Yusuf alikulia katika nyumba iliyokuwa ikila matunda ya fadhila iliyokumbukwa.

Jambo la pili alilokutana nalo utotoni lilikuwa chungu. Mji wa Damascus, kwa kumwogopa Zangi, ulikuwa umefanya mapatano na ufalme wa Wasalibi, yaani wapiganaji wa Msalaba waliotoka Ulaya na kuiteka Baytul Maqdis mwaka 1099. Mwaka 1140 pande hizo mbili zilipigana bega kwa bega, na mtawala wa Damascus, Mu'inuddin Unur, akawakabidhi Wasalibi ngome ya Banyas kama alivyoahidi. Hata hivyo, mwezi Julai 1148, wafalme wa Ujerumani na Ufaransa walipofika na majeshi mapya, Wasalibi waliamua kuushambulia mji uleule wa Damascus, uliokuwa na haki zaidi ya kuitwa rafiki yao kuliko mji wowote wa Kiislamu.

Wakati huo Ayyub na familia yake walikuwa wamehamia katika utumishi wa Damascus, na Yusuf alikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Mzingiro ulidumu siku chache tu, kisha washambuliaji wakarudi mikono mitupu. Lakini kaka yake mkubwa, Shahanshah, aliuawa katika mapigano hayo. Wasalibi nao walikuwa wamepoteza zaidi ya askari. Aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiguswa na ung'ongo, na watu wa Damascus hawakuuamini tena ushirika wao kama zamani. Mwaka 1154 Nuruddin Mahmud, mwana wa Zangi, alipofika kwenye kuta za mji, alifunguliwa milango bila ya kupata upinzani mkubwa. Tangu siku hiyo ufalme wa Wasalibi ulipakana na dola moja yenye nguvu, badala ya miji miwili iliyokuwa ikiogopana.

Misri, na mkono uliotolewa wazi

Salahuddin hakuingia Misri kwa hiari yake. Alikwenda akimfuata ami yake Shirkuh, aliyetumwa na Nuruddin. Misri ilikuwa chini ya makhalifa wa Kifatimi, lakini madaraka yalikuwa mikononi mwa mawaziri waliokuwa wakipinduana. Mmoja wao, Shawar, alipofukuzwa alikimbilia kwa Nuruddin na kumuahidi thuluthi ya mapato ya Misri iwapo angerudishwa madarakani. Mwaka 1164 Shirkuh alimrudisha. Mara tu alipokikalia kiti, Shawar aliikana ahadi yake na kumwita Amalric, mfalme wa Wasalibi, aje kuwafukuza wale wale waliomsaidia.

Mwaka 1167 Shirkuh alirudi Misri, na Shawar akamwita Amalric kwa mara nyingine. Safari hii Wasalibi walitaka uthibitisho mkubwa zaidi. Mjumbe wao aliingia katika kasri ya Cairo na kumtaka khalifa kijana, Al-Adid, autoe mkono wake mtupu, bila ya kitambaa wala glavu, kufunga mapatano. Watu wa kasri walishtuka, kwani halikuwa jambo la kawaida kwa khalifa, lakini mkono ulitolewa. Katika vita hivyo Salahuddin alikabidhiwa mji wa Iskandaria, akauhami kwa kikosi kidogo dhidi ya mzingiro mrefu. Mwishowe palipatikana suluhu, majeshi yote mawili yakaondoka Misri, na Shawar akakubali kuwalipa Wasalibi dinari 100,000 kila mwaka.

Amalric alikuwa na mkataba, malipo na mshirika aliyemtegemea. Pamoja na hayo, mwishoni mwa mwaka 1168 aliivamia Misri ili aimiliki yote. Inasimuliwa kuwa Templar, kundi la wapiganaji watawa wa Kikristo, walikataa kufuatana naye kwa kuwa kulikuwa na mkataba. Katika mji wa Bilbeis watu wengi waliuawa, wanaume kwa wanawake. Habari hizo zilipofika Cairo, hapakuwa na mtu aliyetaka tena kusikia habari za ushirika na mfalme huyo. Shawar aliuchoma moto mji wa Fustat usije ukatekwa, na khalifa yule yule aliyempa Msalibi mkono wake alimwandikia Nuruddin kuomba msaada.

Shirkuh alifika Januari 1169, na Amalric akarudi kwao bila ya vita kubwa. Shawar aliuawa, Shirkuh akawa waziri, na alipofariki dunia baada ya miezi miwili tu, uwaziri ulimwangukia Salahuddin akiwa na umri wa takriban miaka 31. Misri, yenye utajiri uliokuja kugharamia vita vya Hittin, ilipatikana kwa sababu mfalme mmoja aliuona mkataba wake mwenyewe kuwa mdogo kuliko tamaa yake.

Miaka ya kujenga imani

Haifai kumsimulia Salahuddin kama malaika. Yeye pia alikuwa na wasiwasi wake wa sifa. Mwaka 1171, mwaka uliomalizika ukhalifa wa Kifatimi, na tena mwaka 1173, Nuruddin alitarajia kukutana naye katika kampeni dhidi ya ngome za Wasalibi, lakini Salahuddin alirudi Misri kabla ya kukutana. Nuruddin alikasirika. Alipofariki dunia Mei 1174 na kumwacha mrithi mdogo, As-Salih Ismail, Salahuddin aliingia Damascus akisema amekuja kumlinda kijana huyo. Watu wa Halab na Mosul hawakumwamini. Kwao alikuwa mtumishi aliyekula chumvi ya nyumba ya Zangi, kisha akaigeukia.

Ilimchukua miaka kumi na miwili kuwapata, na hakuwapata kwa vita peke yake. Mwaka 1176, baada ya kufanya suluhu na Halab, inasimuliwa kuwa dada mdogo wa As-Salih aliletwa kambini kwake, akamwomba ngome ya Azaz iliyokuwa imetekwa kwa taabu kubwa. Aliirudisha. Mwaka 1182 alipovuka mto Furati, Nuruddin Muhammad, mtawala wa Hisn Kayfa, alijiunga naye kwa ahadi ya kupewa mji wa Amid. Mji huo ulitekwa mwaka 1183, nao ulikuwa na maghala yaliyojaa silaha na mali. Baadhi ya washauri walimkumbusha Salahuddin kuwa alichoahidi ni mji, hakuahidi hazina iliyomo. Hakukubali. Alimkabidhi mshirika wake mji pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Mtu aliyehesabu dinari angeona kuwa amepoteza. Lakini watawala wadogo wa eneo lile waliona kuwa aliyejiunga naye mapema alipata alichoahidiwa, na tena kwa kipimo kilichojaa. Halab ilisalimu amri mwaka huo huo wa 1183, na mtawala wake akapewa Sinjar na miji mingine badala yake. Mosul ilikubali mapatano mwaka 1186, mtawala wake akaachwa kwenye kiti chake kwa sharti la kutoa askari. Askari hao walitolewa. Mwaka 1187 chini ya bendera ya Salahuddin walikuwapo watu wa Misri, Damascus, Halab, Mosul na Jazira, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana tangu Wasalibi walipoingia Sham.

Ufalme ulioshindwa kumzuia mtu wake

Upande wa pili mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1180 Salahuddin na Baldwin wa Nne, mfalme kijana aliyekuwa na maradhi ya ukoma, walifanya suluhu iliyoruhusu misafara ya biashara kupita kwa amani. Ngome ya Karak, iliyo kando ya njia ya kwenda Hijaz, ilikuwa mikononi mwa bwana mmoja aitwaye Reynald wa Châtillon. Mwaka 1181 Reynald aliushambulia msafara ndani ya suluhu. Mfalme alimtaka arudishe mali na watu. Reynald alikataa, na mfalme hakuwa na uwezo wa kumlazimisha.

Majira ya baridi ya mwaka 1182 kuamkia 1183 alifanya kubwa zaidi. Aliteremsha majahazi katika Bahari ya Sham, watu wake wakazishambulia bandari na kuwavamia mahujaji na wafanyabiashara, hata watu wa Makka na Madina wakaingiwa na hofu. Al-Adil, ndugu yake Salahuddin aliyekuwa Misri, alituma majahazi yaliyoongozwa na Husamuddin Lu'lu', na wavamizi wakamalizwa. Kisha, suluhu nyingine ya miaka minne ilipokuwa imefanywa mwaka 1185, Reynald aliuteka msafara mkubwa uliokuwa ukitoka Cairo kwenda Damascus. Mfalme mpya, Guy wa Lusignan, alimtaka alipe. Alikataa tena, akaachwa tena.

Hapa msomaji atakumbuka kisa cha Hudaybiya. Makuraishi walikuwa na mkataba na Mtume (S.A.W.), lakini washirika wao wa Banu Bakr waliposhambulia kabila la Khuza'a, lililokuwa upande wa Waislamu, na baadhi ya Makuraishi wakawasaidia, mkataba wote ulivunjika. Hapana shaka Guy alitaka amani idumu. Lakini mkataba na dola ambayo haiwezi kumzuia mtu wake mwenyewe hauna thamani kwa yule anayeutegemea. Hata ndani ya Wasalibi imani ilikuwa imekwisha. Bwana mkubwa wa Tripoli ya Sham, Raymond, alifanya suluhu yake binafsi na Salahuddin kwa kumwogopa mfalme wake, na aliporudi upande wa wenzake mwaka 1187 wengi walimtazama kama msaliti. Alishauri jeshi lisiondoke kwenye maji kwenda kupigana juani, na ushauri wake ukapuuzwa.

Hittin, na miji iliyofungua milango

Tarehe 4 Julai 1187, katika vilima vya Hittin karibu na ziwa la Tabaria, jeshi la Wasalibi lililochoka kwa kiu lilimalizwa. Mfalme Guy na Reynald waliletwa katika hema la Salahuddin. Alimpa mfalme maji baridi, na mfalme akampa Reynald kikombe. Kwa ada za Waarabu, mateka aliyekula au kunywa kwa aliyemteka amepata amani. Salahuddin aliwafahamisha waliokuwapo kuwa si yeye aliyempa Reynald kinywaji, kisha akamuua kwa mkono wake, kwa kutimiza nadhiri aliyoiweka baada ya mahujaji na misafara kushambuliwa. Mfalme alihifadhiwa. Wapiganaji watawa waliotekwa, zaidi ya mia mbili, waliuawa kwa amri yake, na jambo hilo ni sehemu ya habari zake pia.

Kilichofuata ndicho kinachohusu mada yetu zaidi. Ndani ya miezi michache miji mingi ya pwani na ya bara ilichukuliwa, na sehemu kubwa ya miji hiyo haikubomolewa kuta zake. Akka, Beirut na Asqalan zilisalimu amri kwa masharti: watu watoke na roho zao na mali wanazoweza kubeba. Akka ndiyo iliyotangulia, na masharti yake yalitekelezwa. Miji mingine ikajua kuwa kusalimu amri kwa mtu huyu si kujipeleka machinjioni.

Balian wa Ibelin, aliyenusurika Hittin, aliomba ruhusa ya kuingia Baytul Maqdis kumchukua mkewe, akaapa kukaa humo usiku mmoja tu bila ya kushika silaha. Wenyeji walipomshikilia awaongoze, alimwandikia Salahuddin kuomba afunguliwe kiapo chake. Salahuddin alimfungua, na kisha akampa mkewe walinzi wa kumsindikiza hadi mahali pa usalama. Ni Balian huyo huyo aliyekuja kujadili masharti ya mji. Tarehe 2 Oktoba 1187, sawa na 27 Rajab 583, siku ya kumbukumbu ya Isra na Miraj, Baytul Maqdis ilikabidhiwa. Mwanamume alijikomboa kwa dinari kumi, mwanamke tano, na mtoto kwa kiasi kidogo zaidi. Maelfu ya maskini waliachiwa kwa malipo ya jumla, Al-Adil akaomba watu elfu moja na kuwaacha huru, ingawa wengine wengi waliokosa fidia waliingia utumwani. Waliolipa walitoka salama. Damu iliyomwagwa mwaka 1099 haikulipizwa.

Gharama ya kutimiza

Asidhani mtu kuwa kutimiza ahadi hakuna gharama. Watu walioachiwa kutoka miji mbalimbali walikusanyika Sur, mji wa pwani ambao Salahuddin hakuweza kuuteka, wakaufanya kuwa mlango wa kuingilia majeshi mapya ya Ulaya. Mwaka 1188 alimwacha huru mfalme Guy kama ilivyopatanwa, baada ya Guy kuapa kuwa hatapigana naye tena. Mapadri walimfungua Guy kiapo hicho, na mwezi Agosti 1189 akaja kuizingira Akka. Palikuwa na waliomlaumu Salahuddin kwa huruma yake, na lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi.

Wakati huo wa dhiki ndipo alipohitaji washirika, na hapo akaonja mwenyewe uzito wa sifa. Mfalme wa Rum, Isaac Angelos wa Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, alikuwa amepatana naye kulizuia jeshi kubwa la Wajerumani la Frederick Barbarossa. Alijaribu, akashindwa, na mwaka 1190 akakubali kulivusha kwa majahazi kuingia Asia. Jeshi hilo lilisambaratika baada ya Frederick kufa maji mwezi Juni mwaka huo, si kwa juhudi za Isaac. Watu wa Ulaya walimwona Isaac msaliti, na Salahuddin alimwona asiyetegemewa. Mwaka 1192 wajumbe wa Rum walipokuja kuomba ushirika mpya, pamoja na mpango wa kuishambulia Kupro kwa pamoja, waliondoka bila ya walichokitaka.

Mwaka 1190 Salahuddin alimtuma mjumbe Maghrib kwa Ya'qub Al-Mansur, khalifa wa Muwahhidina, kuomba majahazi ya kivita yazuie meli za Wasalibi. Alikataliwa. Moja ya sababu zinazotajwa ni kuwa barua haikumpa Al-Mansur cheo cha Amirul Muuminina, kwani Salahuddin alikuwa amemtambua khalifa wa Baghdad. Lakini palikuwa na kidonda kingine. Kwa miaka kadhaa Qaraqush, mtumwa wa kijeshi wa mpwa wake Salahuddin, alikuwa akipigana na kuteka miji katika ardhi ya Muwahhidina upande wa Tripoli na Tunisia za leo, tena akishirikiana na maadui zao. Salahuddin alimlaumu mfalme wa Wasalibi kwa kutomzuia Reynald, na sasa mtu wa upande wake mwenyewe alikuwa amemfungia mlango. Mwenye kuombwa msaada hamtazami mwombaji tu, huwatazama na watu wake.

Akka ilianguka Julai 1191. Askari waliokuwa ndani, walioishiwa nguvu, walikubali masharti mazito bila ya idhini ya sultani wao: dinari 200,000, mateka zaidi ya 1,500, na msalaba uliotekwa Hittin. Pande mbili zilibishana juu ya malipo na dhamana, kila mmoja akihofia kudanganywa na mwenzake, na tarehe 20 Agosti Richard, mfalme wa Uingereza, aliwaua mateka wa Kiislamu wanaokadiriwa kukaribia 3,000. Salahuddin naye aliwaua baadhi ya Wasalibi waliotekwa baada ya hapo. Kilichomuumiza zaidi kilikuja mwezi Septemba alipotaka kuihami Asqalan. Maamiri wake walisema hawataingia humo isipokuwa yeye au mmoja wa wanawe aingie pamoja nao, yasije yakawapata yaliyowapata wa Akka. Hawakuwa waoga. Walikuwa wameona kuwa sultani ameshindwa kuwaokoa watu aliowaweka ndani ya ngome. Ilibidi auhamishe mji huo na kuubomoa.

Mkono mwingine

Baada ya mwaka mwingine wa vita, pande zote zilikuwa zimechoka. Tarehe 2 Septemba 1192 yalifikiwa mapatano ya miaka mitatu na miezi minane. Wasalibi walibaki na pwani kutoka Sur hadi Jaffa, Baytul Maqdis ikabaki kwa Waislamu, na mahujaji wa Kikristo wakaruhusiwa kuuzuru mji bila ya silaha. Richard alikuwa mgonjwa na hakuapa, kwa kuwa wafalme wa kwao hawakuwa na ada hiyo. Aliutoa mkono wake, na Salahuddin naye akautoa wake. Wakubwa wa pande mbili ndio walioapa, miongoni mwao Balian, yule aliyefunguliwa kiapo chake miaka mitano iliyopita.

Mahujaji wa Kikristo walipoanza kuingia Baytul Maqdis, inasimuliwa kuwa jamaa za waliouawa Akka waliomba ruhusa ya kulipiza kisasi. Nafasi ilikuwapo, na uchungu ulikuwapo. Salahuddin hakuruhusu. Mkono uliotolewa Cairo mwaka 1167 ulikanwa mwaka uliofuata. Mapatano haya yalidumu hata baada ya waliopeana mikono kuachana.

Salahuddin alifariki dunia Damascus tarehe 27 Safar 589, sawa na 4 Machi 1193, akiwa na umri wa miaka isiyozidi 56. Katika hazina yake binafsi zilikutwa dirhamu 47 na dinari moja ya dhahabu. Nchi zake aliwagawia wanawe na ndugu yake, na wote walikuwa wameapishwa kusaidiana. Haikupita miaka mitatu na minne ila walikuwa wakipigana wao kwa wao, na mwanawe mkubwa, Al-Afdal, alitolewa Damascus mwaka 1196. Walirithi ngome, farasi na majina. Imani ambayo watu walikuwa nayo kwa baba yao haikuwa kitu cha kurithiwa.

Ndugu zangu Waislamu, sisi hatuna majeshi, lakini kila mmoja wetu ana mtu anayelitegemea neno lake: mke, mume, mtoto, jirani, mshirika wa biashara, awe Muislamu au asiwe. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hulipwa hata siku ambayo kulilipa kunauma, kama ilivyouma kumwacha Guy aende zake. Na tusisahau kuwa tunahesabiwa pia kwa wale tulio na uwezo wa kuwazuia tusiwazuie. Watoto wetu wanapotuona tukilivunja neno dogo nyumbani, hilo ndilo somo wanalolichukua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Salahuddin, amsamehe pale alipokosea, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutimiza ahadi zao. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.